Daftari la Msako

Nimeandika mimi, Driciru, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka
na kwa sababu mihogo ya mama ndiyo iliyoliwa kwanza.
Ukurasa wa kushoto: watu. Ukurasa wa kulia: vitu.
Nyavu sita; mbili zina matobo, Ocama atazishona.
Mbwa tisa. Njuga za mbwa, saba.
Wawili watakwenda kimya, basi wajihadhari wenyewe.
Mikuki, kila mtu na wake. Mapanga sikuyahesabu:
nani hapa Kinyamugera hana panga?

Kikao kilikaa Alhamisi nyuma ya mashine ya kusaga,
ikabidi tungoje injini inyamaze.
Mwenyekiti akasoma barua ya ofisi ya wanyamapori,
mhuri juu, mhuri chini:
ruhusa ni mashambani na kile kichaka cha mtoni,
msitu wa Budongo msiukanyage.
Tibamwenda akauliza, "Na nguruwe, naye kasomewa?"
Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka,
maana kila mmoja alikuwa na shamba lake kichwani:
matuta ya viazi yamefukuliwa kama makaburi ya haraka,
mahindi yamelazwa chini, yametafunwa upande mmoja tu,
kama chakula cha mtu aliyekula kwa hasira.

Lugha zilikuwa tatu, nne ukihesabu matusi.
Wanyoro na yao, Waaluri na yao, sisi tuliotoka Arua na yetu,
lakini nguruwe hupangiwa njama kwa Kiswahili,
kwani neno "simama!" lazima liingie masikio yote kwa pamoja.

Hapo Mzee Asiku akanyoosha mkono. Muislamu, jirani yetu.
"Nyama yake siili. Lakini yeye vyangu anakula.
Niandikeni."
Nikamwandika: namba tano, filimbi.

Basi mstari.
Watu ishirini na wanne, toka kisiki cha mvule mpaka daraja la magogo,
hatua kumi na tano kati ya mtu na mtu.
Majina niliyanakili usiku, kwa taa ya simu,
kutoka orodha ya mwaka jana, maana watu ni wale wale.
Ndivyo nilivyodhani.

Jumamosi, umande ungali magotini,
filimbi ya Asiku ikalia mara mbili.
Njuga zikaingia kwenye miwa, zikatawanyika, zikakutana,
na miwa ikaanza kutembea bila upepo.
Jike mmoja akaingia wavu wa Ocama. Tulisikia.
Halafu dume,
mweusi, manyoya meupe ya mgongo yamesimama,
akatoka, akatulia, akatutazama
kama karani anayetafuta kosa kwenye hesabu.
Akaliona.

Kati ya namba kumi na moja na namba kumi na tatu
palikuwa na hatua thelathini za hewa.
Akapita hapo. Wala hakukimbia.

Namba kumi na mbili: Drani.
Drani tuliyemzika mwezi wa nne,
mvua ikishindana nasi kulijaza kaburi.
Mkono wangu ulimwita msakoni,
na mahali pake pakamngoja.

Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa nafuu.
Nyama ikagawanywa juu ya majani ya mgomba,
paja kwa mwenye wavu, kichwa kwa wenye mbwa,
Tibamwenda akilalamikia ini kama kila mwaka.
Ayikoru, mke wa Drani, alikuja na sufuria.
Fungu lake lilikuwepo; hakuna aliyeuliza kwa hesabu gani.
Akainamia daftari langu, kidole chake kikashuka,
kikafika kwenye jina, kikakaa.
Nikatoa kalamu nilikate.

"Usikate," akasema. "Andika mbele yake: mkuki uko kwangu.
Na Jumamosi ijayo, mnaanza saa ngapi?"